Gari Linauzwa Likiwa Zima

Nilipoolewa Mwatate, nilikuta mambo mawili ambayo hakuna aliyenitajia wakati wa posa. La kwanza ni umbali wa maji. La pili ni gari.

Lilikaa kando ya nyumba, ndani ya kibanda cha mabati kilichojengwa vizuri kuliko jiko letu. Lilikuwa la rangi ya kijani kama jani changa la mgomba, paa lake la rangi ya maziwa, na boneti ndefu hata ukiwa kwenye usukani huoni kinachotambaa mbele. Lilitengenezwa Amerika miaka michache baada ya Vita vya Pili. Lililetwa na Mzungu aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge ambako baba mkwe wangu alikuwa karani wa stoo. Uhuru ulipokaribia, Mzungu akafunga virago akarudi kwao, na gari likabaki kwa karani.

"Kila kitu ni cha kiwandani," Baba alikuwa akiwaambia wageni hata kabla hawajakaribishwa chai. "Injini ile ile. Viti vile vile. Saa ile ile, ingawa haitembei. Tairi na betri nimebadilisha, maana hizo ni kama viatu. Na kile kirungu cha kufungulia kioo cha nyuma. Kilitafunwa na mbwa wa Mzungu, nikachongesha kingine cha mpingo."

Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu kama benchi la kanisani. Gia ilikuwa mkononi, kando ya usukani. Redio ilihitaji kupata moto kwanza kama uji, na ikishapata moto ilisema kwa sauti nzito ambayo redio yetu ya betri ndani ya nyumba haikuwa nayo. Jumapili baada ya kanisa, nyumba ikijaa wajukuu na kelele, Baba na Mama walikuwa wakienda kukaa ndani ya gari, limezimwa, milango imefungwa, wanakunywa chai na kusikiliza taarifa ya habari. Ukitaka kuwauliza jambo ulibisha hodi kwenye kioo.

Mimi ni mzaliwa wa Ronge, na nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pale nyumbani wote waliniita Mwalimu, hata mama mkwe. Mume wangu alifanya kazi bandarini Mombasa na alikuja mwisho wa mwezi. Kwa hivyo maisha yangu ya ndoa, ukiyapima kwa siku, niliishi zaidi na wazazi wake kuliko na yeye.

Niliingia kwenye lile gari kama dereva kwa sababu ya jirani yetu mmoja. Uchungu wa kuzaa ulimshika mchana Baba akiwa amekwenda Voi kwa treni. Gari lilikuwa pale kibandani, mafuta yamo, ufunguo uko kwenye msumari, na hapakuwa na mtu wa kuliendesha. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni, mimi nikisukuma na mama mkwe akimshika mkono. Alijifungua salama, lakini Baba aliporudi na kusikia habari ile hakula chakula. Alikwenda akasimama kibandani peke yake. Asubuhi yake akaniambia, "Mwalimu, Jumamosi usifue nguo. Utajifunza gari."

Nilishtuka. Mwanamke anayeendesha gari sikuwa nimemwona ila masista wa misheni. Tena kukaa benchi moja na baba mkwe, bega kwa bega! Nyumbani sikuwa hata nikimpitia karibu alipoketi. Nilimtazama Mama nikitarajia anikinge.

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso. "Mimi nitakaa nyuma," alisema. "Watu wakiniona mimi, watakosa la kusema."

Na kweli alikaa nyuma, katikati kabisa, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, vioo vyote viwili vimeshushwa. Kila tuliyempita alimsalimu kwa jina na kwa sauti, ili aonekane yupo. Kina mama wa kanisa walioanza kunong'ona walijikuta wanasalimiwa hadi wakaona haya. Baba alinifundisha kwa maneno machache. "Klachi. Gia. Achilia polepole. Polepole si hivyo." Maneno mengi yalitoka nyuma.

"Kuna mbuzi!"

"Mbuzi ana macho," Baba alijibu.

"Na ana mwenyewe! Mwalimu, piga honi."

"Honi ni ya kugonga mlango wa mtu, si ya mbuzi. Mwalimu, endelea."

Nilizima injini mara nyingi hata sokoni. Lakini ilifika siku nikashuka na gari kutoka Bura hadi Mwatate bila mtu kunisemesha, na nilipotazama kwenye kioo kidogo, Mama alikuwa amelala mdomo wazi. Hapo nikajua nimeshakuwa dereva. Miaka iliyofuata tulibeba wagonjwa, maharusi, mbuzi wa mahari, na mara moja jeneza, miguu yake ikitokeza kwenye buti. Jeneza lenyewe, namaanisha, si marehemu.

Siku ambayo mambo yalibadilika, Baba ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulikuwa tunarudi kutoka sokoni, mimi kando yake, Mama nyuma. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Baba akapunguza mwendo, akainamia usukani.

"Kile kilichosimama pale mbele," aliuliza, "ni ng'ombe au ni mtu?"

Mama akajibu kwa upole ambao sikuuzoea. "Ni pasta."

Baba alisimamisha gari pale pale. Tulimngoja pasta apite, naye alivua kofia akatusalimu, asijue lolote. Baba alimwitikia vizuri, akauliza habari za nyumbani kwake. Kisha akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya boneti huku ameishika kwa mkono kama mtu anayemzunguka ng'ombe wake, akafika upande wangu. "Sogea," aliniambia. Nikasogea kwenye usukani. Nikatufikisha nyumbani.

Ilikuwa ni mtoto wa jicho, tena kwenye macho yote mawili. Wakati ule tuliambiwa tungoje yaive kwanza ndipo yapasuliwe, nasi tukangoja. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alimkalisha baba yake chini.

"Baba, petroli imepanda. Mwalimu ana watoto watatu na darasa zima. Hilo gari linakula kuliko sisi sote."

Nilidhani Baba atakataa. Aliweka mikono juu ya fimbo. "Ni sawa," alisema. "Liuzwe. Lakini nitaliuza mimi."

Aliniita niandike tangazo. Nilikuwa na kipande cha ubao mweusi kilichovunjika shuleni, nikachukua chaki. Alisema niandike hivi: Gari la Amerika. Halijabadilishwa. Linauzwa likiwa zima. Nikamuuliza kama tuweke na bei. "Bei ni ya kuzungumza na mtu," alisema, "na mtu mwenyewe hatujamjua." Tuliuegemeza ule ubao kwenye kioo cha mbele, nikalisogeza gari hadi karibu na barabara, mahali mabasi ya Taveta na Voi yalipokuwa yakisimama.

Wa kwanza kuja alikuwa mwenye kinu cha kusaga mahindi. Alitaka injini tu. Mwili wa gari, alisema, tungebaki nao, tufugie kuku. Baba alimshukuru, akamwambia njia ya kurudi barabarani, ingawa barabara ilikuwa pale pale inaonekana.

Wa pili alikuwa kijana wa Voi aliyekuwa na biashara ya kupamba harusi. Huyo alilipenda kweli. Alilizunguka mara nyingi, akalipapasa, akakaa ndani akajitazama kwenye kioo. Angelipaka rangi nyeupe, alisema, na paa angelikata ili bibi harusi aonekane vizuri akipungia watu.

"Na mvua ikinyesha?" Mama alimuuliza.

"Mama, ni Voi. Mvua gani?"

Mama alicheka hata akashika mlango. Baba hakucheka. Alitaka kujua msumeno wa kukatia paa utatoka wapi, nani ataushika, na ataanzia wapi kukata. Kijana alipokuwa bado anaeleza, Baba aliingia nyumbani akajilaza. Tulibaki mimi na Mama kumwambia kwaheri.

Wiki zikapita. Chaki ilifutika kwa vumbi nikaiandika tena, mara mbili au tatu. Nilianza kuamini litabaki letu, na nafurahi kusema kwamba nilifurahi.

Ndipo akaja mama wa Taveta. Alikuwa kwenye basi la kwenda Voi, amekaa juu ya mizigo yake ya ndizi na nyanya, basi likasimama kuchukua abiria akausoma ule ubao. Alimwambia utingo ateremshe kila kitu. Utingo aligomba, basi likapiga honi, naye akateremka na vikapu vyake vyote akavipanga kivulini kwetu kama amehamia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, buibui lake limeshika vumbi hadi magotini.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama."

"Nimeshakaribia, mwanangu. Nipe maji kwanza, kisha nioneshe gari."

Alikuwa mjane. Zamani alifanya biashara ya vitambaa na vitunguu na watu wa upande wa pili, lakini mpaka wa Tanzania ulikuwa umefungwa, kwa hivyo sasa alipeleka ndizi na nyanya za Taveta hadi Voi. Miaka yote hiyo alisafiri juu ya magunia, kwenye malori na mabasi ya watu. Alisimama mbele ya Baba akamwamkia kwa heshima, kisha akasema wazi.

"Mzee wangu, mimi nimechoka kukaliwa na magunia na kuyakalia. Nataka kukaa kwenye kiti."

Baba alimuuliza atalifanya nini paa. Akashangaa. "Paa? Si liko juu, litukinge jua?" Baba akamuuliza kuhusu rangi. Akasema rangi anaiona nzuri, kuna nini? Baba akamwambia waingie ndani ya gari wazungumze, na Mama naye akaingia nyuma. Walifunga vioo vyote, katika joto lile la Mwatate. Mimi nilibaki nje nikilinda nyanya zisiliwe na kuku. Waliyoyasema kuhusu bei sikuambiwa siku ile, wala sikuambiwa baadaye. Walipotoka, jasho linawachuruzika, Baba alisema, "Mwalimu, gari limepata mtu. Lakini mtu mwenyewe hajui kuendesha."

"Na dereva wa kuajiri simtaki," yule mama alidakia. "Nitakuwa nimeondoka kwenye gunia nimekwenda kukaa nyuma ya kisogo cha mtu. Wewe si ndiwe unaliendesha? Basi utanifundisha."

Ilikuwa karibu shule zifungwe. Alipata chumba kwa watu wake pale Mwatate mjini, akamwachia binti yake biashara, na likizo yangu nzima ikawa ni yeye. Tulikwenda kwenye njia za shamba la mkonge, ambazo zimenyooka kama rula na hazina watu. Alisema bismillahi kabla ya klachi, akasema tena kabla ya gia. Aliponyakua usukani aliushika kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Baba na Mama walikuja kila siku, wote wawili nyuma. Baba, kwa sababu hakuona, alisikiliza.

"Hiyo gia imelia," alikuwa akisema. "Mwambie asiilazimishe."

"Nimekusikia, mzee. Mimi ndiye niliyeilazimisha, niambie mwenyewe."

Siku moja, tumeshafika mahali pa kugeuza, alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Tuliacha njia tukaingia moja kwa moja kwenye safu ya mkonge. Kishindo, majani yakapasuka, injini ikazima. Tairi ya mbele ikaanza kupumua pole pole, maana mwiba ulikuwa umeingia.

Yule mama alishuka. Bampa ilikuwa imebonyea kona moja na mlango wa kushoto umekwaruzwa. Alimwendea Baba aliyekuwa anashuka.

"Mzee wangu, nimeliharibu. Kama unataka tuvunje mapatano, sitakulaumu."

Baba alipapasa bampa kutoka mwanzo hadi mwisho, akafuata mlango kwa vidole, akafika penye mkwaruzo mpya, na chini yake kidogo penye mkwaruzo wa zamani ambao sote tuliujua. Baba alikuwa akituambia ule aliuweka Mzungu, siku moja alipokuwa amelewa.

"Huu wa chini," Baba alisema, "niliuweka mimi. Wiki ya kwanza. Mti wa mkonge, hapa hapa shambani."

Mama aligeuka. "Wewe! Na yule mtu wa watu umemsingizia miaka yote hii? Ulevi na yote?"

"Alikuwa ameshaenda. Haikumuumiza."

Mama wa Taveta ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hata akakaa chini kwenye mchanga na buibui lake. Mimi nikafuata. Tulibadilisha tairi wenyewe, wanawake watatu na mzee mmoja asiyeona anayejua kila nati iko wapi. Mapatano yakabaki.

Alipokwenda kutahiniwa Voi, alinitaka nimsindikize hadi mlangoni. Kulikuwa na meza iliyochorwa barabara na mizunguko, na kigari kidogo cha kuchezea ambacho mtahiniwa anakisogeza kwa mkono akieleza sheria. Nilimsikia akimwambia afisa, "Baba, gari langu mimi haliwezi kupita hapa, ni kubwa." Alimfanya afisa acheke, lakini barabarani siku ile aliizima injini mlimani akashindwa. Alirudi tukajifunza mlima kwa juma zima kwenye mteremko wa kuelekea Wundanyi, nikiwa na jiwe mkononi tayari kuwekea gurudumu. Mara ya pili alipasi. Alituletea sinia la halua, na Mama, ambaye hakuwa ameionja maishani, alificha kipande kwenye leso kwa ajili ya kesho.

Siku ya kulipeleka gari Taveta tulikwenda wote wanne. Aliendesha yeye, mimi kando, wazee nyuma. Tulipita Bura na Maktau, tukaingia kwenye nyika nyekundu, na mahali fulani ndovu walikuwa wanavuka barabara, mama na ndama na wengine nyuma. Alizima injini bila kuambiwa. Tulikaa. Baba aliuliza ni nini, na Mama akamsimulia mmoja mmoja, yupi ana pembe iliyovunjika, yupi ameshika mkia wa mwenzake, hadi wa mwisho akatokomea.

Taveta tulipikiwa ndizi na nyama, na samaki wa Ziwa Jipe, na majirani wakaja kuliona gari kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Baba alikaa kibarazani akiwaeleza kila kitu kilicho cha kiwandani. Wakati wa kuondoka ulipofika alipeana mkono na yule mama, akamwambia mafuta ya injini abadilishe kabla hayajawa meusi, na asiruhusu mtu yeyote akiguse kile kirungu cha mpingo. Hakwenda tena karibu na gari. Tulishika treni ya mchana kurudi.

Ni Mama aliyelia. Yeye ambaye alikuwa akiliita lile gari mke mwenza, alilia kuanzia stesheni ya Taveta, kimya, akijifuta na leso yenye harufu ya halua. Baba alimsikia. Alitafuta mkono wake akaukosa, akaupata, akaushika mbele yangu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu niolewe. Niligeuza uso nikatazama nje hadi tukafika Mwatate.

Jumapili iliyofuata walikosa mahali pa kwenda. Mama alihangaika na sufuria, Baba alikaa akauliza saa. Mwishowe niliwatoa watoto wote, nikawapeleka mtoni, nikawaachia wazee nyumba nzima na redio. Tukafanya hivyo kila Jumapili. Watoto walidhani ni kwa ajili yao.

Mama wa Taveta hakututupa. Kila Idi alikuja akiendesha mwenyewe, buti limejaa ndizi, na vumbi lilionekana kabla yake. Alikuwa anaendesha vibaya kidogo, kwa kasi, katikati ya barabara, na watu wa Mwatate walijifunza kumpisha.

Macho ya Baba yalipasuliwa mwaka wa pili, jicho moja kwanza. Siku alipofunguliwa bandeji mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," alisema, "kumbe umeota mvi."

"Ni wajukuu wako, Baba."

"Zimekupendeza," alisema, akaniomba nimletee chai.